Ghala la Darini

Mahindi yakishavunwa Karatu, panya huhama mashambani na kuingia majumbani. Huku Bashay kila nyumba ina dawa yake: paka, mtego, magunia yaliyoinuliwa juu ya mbao. Mwaka mmoja sisi tulitumia dawa zote, na bado usiku walikimbizana juu ya chumba cha watoto wa kiume, mpaka mume wangu akapanda ngazi na nyundo ang'oe ubao mmoja wa silingi.

Ilishuka robo nzima ya dari. Vikamwagika kitandani vipande vya ugali mkavu, maandazi yenye ukungu, mahindi ya kuchoma yaliyogeuka meusi, nusu mkate, sukari ndani ya mfuko uliotobolewa, na chapati tulizoletewa na jirani siku ya Idi. Juu ya kabati, bahasha ya nyaraka za mtoto tunayemlea ilikuwa imegeuzwa kiota. Barua ya kukabidhiwa mtoto ilibaki na muhuri na kipembe cha saini. Kesho yake afisa ustawi wa jamii alikuwa anakuja kututembelea.

Mtoto wetu wa kambo, wakati huo wa darasa la pili, alisimama mlangoni akatazama akiba yake ikiwa wazi mbele ya watu wote. Hakulia. Alitoka.

Tulidhani amekwenda chooni. Tulipoona giza linaingia na hayupo, nilipiga kelele majirani wakatoka na tochi. Upande wa juu ni msitu wa Ngorongoro, na msimu ule tembo hushuka usiku mpaka mashambani, nyati nao. Mwenyekiti wa kitongoji aliwagawa watu, vijana wa bodaboda wakaifuata lami pande zote mbili. Walimkuta Njia Panda, juu ya lori lililokuwa linapakia mahindi ya kupeleka Endulen, ameketi katikati ya magunia. Alishamweleza utingo kwamba ameiba chakula cha watu, kwa hiyo anarudi kwa bibi yake. Utingo yule, Mungu ambariki, alivua kofia yake akamvisha mtoto na kuzuia gari lisiondoke.

Hakuwa ameiba hata punje. Alikuwa anaweka akiba kwa namna aliyofundishwa na maisha. Bibi yake, ambaye yeye humwita koko, anaishi Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro iliyoanzishwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Kilimo kilipigwa marufuku humo mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992 kwa sababu ya njaa, halafu kikazuiwa upya mwaka 2009. Mfugaji akipoteza ng'ombe kwa ukame, hana hata tuta la mahindi la kumshikilia. Mahindi hununuliwa huku kwetu, yakapita lango la Lodoare na kupanda ukingo wa kreta, na kila kilomita huongeza bei. Mama yake alipofariki, mtoto alibaki na bibi asiyeona vizuri, katika boma ambalo gunia likifika mwezi huu, ujao huenda lisifike. Asiweke akiba kwa nini?

Afisa alipofika asubuhi, mbao zilikuwa bado zinaning'inia. Aliomba apelekwe chumbani na mtoto peke yao. Waliketi sakafuni, mtoto akamweleza kila kitu ni cha nini: hiki cha siku ya mvua, hiki cha koko, hiki cha dada akikosa. Afisa aliporudi sebuleni alisema barua itaandikwa nyingine, ila ghala asinyang'anywe. Apewe lililo bora. Tukanunua ndoo ya mfuniko na kufuli, tukaijaza mahindi makavu na karanga, ufunguo akaushika yeye. Panya waliondoka. Mahindi aliyakagua kila jioni kwa muda mrefu sana.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mlezi wa kambo kuwa mtu asiye mzazi wala ndugu wa mtoto, anayebeba malezi na matunzo yake. Kazi yenyewe hainishindi. Kinachoniuma ni likizo. Lazima aende kwa ndugu zake, na ni haki yake, nami ndiye ninayemfungia mzigo. Hurudi kimya, anakojoa kitandani, anajibu Kimaa ninapomuuliza kwa Kiswahili. Mjomba aliyekuwa anampokea getini amehamia Msomera, Handeni, katika uhamaji ulioanza mwaka 2022, na mtoto aliniuliza kama na koko atahamishwa, na akihamishwa, yeye atakuwa wa wapi. Nilimjibu kwamba kitanda chake kipo hapa. Juu ya koko sikuwa na jibu la kumpa, na sikumtungia.

Furaha yangu kubwa ilikuja jioni moja nilipopika makande. Aliitazama sahani, akaisukuma, akasema kwa sauti ya mwenye nyumba, "Mama, leo makande sili." Dada yake akamkaripia kwamba asichezee chakula. Mume wangu akaniangalia. Mimi nilikuwa nashikilia ukingo wa meza nisitokwe na machozi, maana mtoto huyu hakuwahi kukataa tonge. Nilimwambia makande yapo jikoni akibadili nia. Hakubadili. Alilala na njaa kwa hiari yake, kwa kuwa alijua asubuhi kuna chai na kiporo.

Sasa yuko darasa la saba na ndoo anawekea gololi na chaja za simu mbovu anazozifungua. Desemba anakwenda Endulen, na mahindi ya koko anataka kuyapima yeye mwenyewe. Nilipompa nusu gunia alikasirika: gunia ni debe sita, na koko ana wageni.