Play ya Zamani au Play Mpya? Sababu Nane, Kutoka Beni Hadi Butembo

Kati ya Butembo na Beni kuna kilomita zipatazo 54 na mabishano yasiyoisha: ya mpira, ya bei, ya baridi ya huku na joto la kule. Siku hizi limeongezeka na hili. Kijana anarudi kutoka Kampala na PlayStation 5 kwenye begi, anamkuta yaya yake bado ameshika manete ya PlayStation 2, na kila mmoja anamwonea mwenzake huruma. Mimi niko upande wa yaya, na siko huko kwa kukosa. Nahesabu sababu zangu kuanzia ndogo hadi kubwa. Vijana wa PS5, sogeeni mkae. Manete ya pili ipo.

8. Inawaka

Bonyeza, vuta pumzi, mechi imeanza. PS2 haikuulizi neno la siri, haikuletei kurasa za masharti, haidai sasisho. Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 ilivimba kwenye kompyuta mpaka ikavuka giga 200. Giga 200! Kwa mega hizi tunazonunua Airtel, Vodacom au Orange, atakayeanza kuishusha leo atatukuta tumemaliza ligi, tumekabidhi kombe, na aliyefungwa ameshanunua soda.

7. Nyoka wa Nokia

Mhandisi wa Finland, Taneli Armanto, alimtia nyoka ndani ya Nokia 6110 mwaka 1997. Kidole kimoja, betri ya siku kadhaa, na adui ni mkia wako mwenyewe. Kwa foleni ya forodha ya Kasindi sijaona gemu iliyomshinda.

6. Wati

Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Mali inatoka Dubai na Guangzhou, inashuka Mombasa, inapita Kampala, inaingia Kasindi. Lakini mji huo huo uliishi miaka mingi bila kuunganishwa na gridi ya taifa: umeme ulikuwa jenereta ya jirani au paneli ya jua juu ya bati, na nyaya za kampuni binafsi zimekuja baadaye. Mtu wa hapa anazijua wati kama anavyoijua bei ya mafuta.

Basi soma mgongo wa adapta ya PS2 nyembamba, ile iliyotoka mwaka 2004: volti 8.5, ampea 5.65. Zidisha, wati 50 hazifiki. PS5 ikiwa kazini inakula kama 200, na televisheni bado hujaihesabu. Mwenye kibanda anayelipisha kwa mechi hahesabu uzuri wa picha, anahesabu lita zilizobaki kwenye jenereta. Picha za PS5 ni nzuri, nakubali bila kulazimishwa. Nimeona majani ya uwanja yakitikisika kwa upepo, kila jani na kivuli chake. Ila umeme ukikatika, majani ya PS5 na majani ya PS2 yana rangi moja.

5. Merseyside Red

Ndani ya PES 6, gemu ya mpira ya mwaka 2006, Liverpool waliitwa Merseyside Red na Chelsea wakaitwa London FC, kwa kuwa Konami hawakuwa na haki ya majina yao. Haikutuzuia kitu. Kila aliyekaa kwenye benchi alijua nani ni nani, na aliyekuwa hajui alifundishwa kwa mabao.

Halafu kulikuwa na Adriano wa Inter, nguvu ya shuti 99, mguu wa kushoto. Ukiichagua Inter tu, benchi zima linaguna. Kulikuwa na Castolo, Minanda, Ximelez na kipa Ivarov, wachezaji wa kuanzia ligi ambao hawajawahi kuzaliwa popote duniani, na bado kuna watu wazima wenye maduka sokoni Butembo wanaomtetea Castolo kama mjomba wao. Gemu mpya imepima uso wa kila mchezaji kwa kamera, mpaka chunusi. Sawa. Nani anamtetea nani humo?

Tena bao lilikuwa na sherehe yake. Desemba 2010 TP Mazembe waliwafunga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Kwenye fainali walifungwa na Inter ya Italia 3-0, lakini Kongo yote ilikuwa imeshamwona kipa Muteba Kidiaba akirukaruka uwanjani kwa makalio. PS2 haikuwa na kitufe cha kufanya hivyo. Mfungaji alilazimika kuweka manete chini, ashuke sakafuni, aruke mwenyewe mbele ya aliyemfunga.

Hilo linataka benchi, na benchi linataka mtu wa pili aliye hai pembeni yako. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, Beni na Butembo zilikaa karibu miaka miwili na ndoo za maji ya klorini milangoni, watu wakisalimiana kwa viwiko. Mpaka ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, tulikuwa tumejifunza kwamba kupokezana manete yenye joto la mkono wa mwenzako si jambo dogo. Wewe unayecheza na mtu wa Korea usiyemjua sura, hongera kwa ushindi. Umemwona akikasirika?

4. Fundi anaifungua

PS2 ikianza kukataa diski, ugonjwa wake unajulikana mji mzima: lenzi. Mtazame fundi akiwa kazini na ile nene, ya kwanza. Anaigeuza tumbo juu, anabandua vifuniko vidogo vya miguu, maana skrubu zimejificha chini yake. Anainua ganda taratibu, kwa sababu kuna utepe mwembamba wa kitufe cha kuwashia, na utepe huo ukikatika mmeongeza kazi. Pamba kwenye kijiti, tone la alkoholi, anapangusa jicho la lenzi kwa mzunguko mmoja bila kukandamiza. Anafuta grisi iliyokauka kwenye reli, anapaka mpya. Kama bado inagoma, anashika gurudumu dogo jeupe la plastiki pembeni ya lenzi, analigeuza jino moja, anajaribu diski, anageuza jingine, anajaribu tena. Mlio wa diski ukibadilika, na anayejua anausikia kabla picha haijatokea, kazi imekwisha.

Na lenzi ikifa kabisa? Kuna kadi ya memori iliyotiwa programu ya kuwashia, unachomeka fleshi, gemu inasomwa kutoka humo. Mashine iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000, ambayo Sony waliacha kuitengeneza Januari 2013, inaponywa leo kwa bisibisi na pamba.

Sasa PS5 nyembamba ya Novemba 2023. Kisoma-diski chake kinachomolewa, jambo ambalo lingemfurahisha fundi yeyote, mpaka asome masharti: ukikichomeka mara ya kwanza, mashine lazima iingie intaneti ipate ruhusa. Kipande ulichokinunua, ndani ya mashine uliyoinunua, ndani ya nyumba unayoilipia kodi. Ruhusa ya nani tena?

3. Hakuna anayekuzimia kutoka mbali

Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft waliziba milango ya The Crew, gemu ya magari iliyotoka 2014. Walizima seva, na aliyelipia akabaki na diski isiyofungua chochote, hata kama alitaka tu kuendesha peke yake usiku. Konami nao waliliacha jina la PES mwaka 2021, wakaleta eFootball: ya bure, lakini inayotegemea intaneti. Ya bure, mpaka mega ziishe.

PES 2014 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kutolewa kwa PS2. Kwa karatasi, hadithi iliishia hapo. Kwa kweli haikuishia, kwa sababu mashabiki waliichukua wenyewe: Wabrazili na Bomba Patch yao, wengine na zao, msimu baada ya msimu wakibadilisha vikosi, jezi na sauti za watangazaji. Gemu ambayo kampuni imeiacha, watu wameilea.

Hapa nawapa vijana haki yao, na nawapa yote. Simu yao ndiyo iliyookoa gemu za zamani. Henrik Rydgård, Msweden, alitoa PPSSPP mwaka 2012, programu inayoifanya simu ya Android icheze gemu za PSP, ile mashine ndogo ya Sony ya 2004. Tangu hapo kijana mwenye Tecno au Itel anapokea PES kutoka kwa mwenzake kwa Xender, simu mbili zikiwa zimekaribiana, hakuna hata mega moja iliyotumika. Ndani yake utamkuta Yoane Wissa, utamkuta Chancel Mbemba, wamevaa jezi za mwaka huu katika gemu iliyotengenezwa zamani. Kwa hiyo mkisema gemu ya kwenye simu ni ya kisasa, angalieni vizuri mnacheza nini. Mko kwetu tayari, karibuni.

2. Risasi ni nukta nyeupe

Kwa hili nitaacha utani kidogo.

Contra ya Konami, ile ya mashine za kadi za miaka ya themanini na nakala zake zilizojaa masokoni kwetu, ni gemu ya vita. Wanaume wawili wadogo wenye suruali za rangi wanakimbia kuelekea kulia. Risasi ni nukta. Adui akipigwa, anapasuka na kutoweka. Ilikuwa na siri yake, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, ikakupa maisha 30. Aliyeitunga siri hiyo ni Kazuhisa Hashimoto, akiitengeneza Gradius mwaka 1986 na kuiona ngumu mno. Alifariki Februari 2020.

Gemu mpya za vita zinajivunia kwamba bunduki zake zimerekodiwa kutoka bunduki za kweli, kila aina na mlio wake, kila ukuta na mwangwi wake. Katika eneo la Beni watu wamekuwa wakiuawa vijijini tangu Oktoba 2014. Hali ya kuzingirwa ilitangazwa Mei 2021 na wanajeshi wakashika utawala wa mkoa. Kuna watoto waliofika mjini kutoka Eringeti, Mbau na Oicha wakiwa wamebeba kilichobebeka. Mlio huo ukitoka kwenye spika jioni, kwenye mtaa kama Boikene, mama wa nyumba ya pili anasimama kabla hajafikiri. Amesimama namna hiyo mara nyingi.

Simkatazi mtu gemu yake. Nasema tu kwamba watengenezaji wa mbali wanatafuta ukweli, na sisi ukweli huo tunao hadi umetuzidi. Mtoto wa hapa anastahili vita ambamo risasi ni nukta nyeupe, anayekufa anarudi tena, na ukizijua siri una maisha 30.

1. Imeshachimbwa

Ndani ya kila mashine hizi, ya zamani na mpya, kuna vipande vidogo vya kutunza umeme, na baadhi ya vipande hivyo katika vifaa vya elektroniki hutengenezwa kwa tantalamu. Tantalamu inatoka kwenye koltani. Koltani mnaijua inakotoka.

Mwaka 2000, mwaka ule ule PS2 ilipotoka, bei ya tantalamu duniani ilipanda mara kadhaa kabla ya kuanguka 2001. Simu za mkononi zilichangia, walanguzi walichangia, na PlayStation 2 ikatajwa miongoni mwa sababu. Wakati huo Beni na Butembo zilikuwa chini ya waasi wa RCD-ML, na majeshi ya Uganda yalikuwa nchini. Aprili 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti juu ya uporaji wa mali ya Kongo, koltani ikiwa ndani ya orodha. Watu waliacha mashamba wakaenda mashimoni. PS2 iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na nyingine zikarudi kwetu, zimetumika Ulaya na Dubai, tukazinunua kwa dola.

Haijakoma. Rubaya, kule Masisi, ndani ya mkoa wetu huu huu wa Kivu Kaskazini, inakadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, na tangu mwishoni mwa Aprili 2024 imekuwa mikononi mwa waasi wa M23. Kila mashine mpya inataka kuchimbwa upya. Ya zamani imeshachimbwa: gharama yake ililipwa hapa, na wengi walioilipa hawakuwahi kushika manete. Kitu kilichotugharimu hivyo hakitupwi kwa kuwa picha zake zina ukungu kidogo kwenye televisheni bapa.

Ndiyo sababu nasema wewe mwenye PS2 iliyolala chini ya kitanda huko Furu, Vulamba, Bungulu au Mulekera: usiitupe, usiiuze kwa uzito kama chuma chakavu. Ipeleke kwa fundi, mwambie aanze na lenzi, kisha muite mdogo wako na umpe manete ya pili. Na wewe kijana wa PS5, umeshainunua, siwezi kukurudisha dukani. Itunze iishi miaka 25, kama ya yaya yako.