Kustaafu kwa Kibali

Wanaosema watu wa uhamiaji hawana huruma wamewaonea. Chukueni jirani zetu wa Kenya: kibali cha Daraja K kinampokea mtu wa miaka 35 tu, mradi athibitishe kipato cha dola 24,000 kwa mwaka na asitafute kazi. Miaka 35! Hapa Galula kijana wa umri huo bado anasubiri ajira ya ualimu, kumbe wenzake wanaombwa wapumzike.

Thailand wao ni wapole zaidi. Ukifika 50, unaweka baht 800,000 benki, zinatulia. Yaani hela nazo zimestaafu.

Mjomba, mwalimu mstaafu, aliposikia habari hizi alikaa juu ya gunia la ufuta, akatoa simu yake ya kitochi, akaanza kupiga hesabu. Si masikini, jamani. Kikokotoo chenyewe cha pensheni kimeneemeka: mwaka 2024 mkupuo wa mtumishi wa umma ulipanda kutoka asilimia 33 hadi 40, na wale waliowahi kuzoea 50 wanadeka tu. Alibonyeza, akafuta, akabonyeza tena. Mwisho akasema simu haina sufuri za kutosha.

Juzi alipanda basi hadi Tunduma, akavuka mpaka kwa miguu hadi Nakonde, Zambia, akanywa chai na andazi. Hakuna aliyemuuliza kipato. Jioni alirudi na sabuni mbili, sasa anajitambulisha kuwa amewahi kuishi ughaibuni, kwa saa tatu kamili.