Kompyuta Isiyoshika Virusi

Wasioitakia mema elimu yetu wanauliza kwa nini mwalimu wa Sayansi ya Kompyuta apelekwe Dodoma kusomea shahada ya uzamili, kisha arudi hapa kwetu Nyarugusu kuchora kibodi ubaoni. Wivu tu huo. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007, mitaala mipya imeanza kutumika 2024. Kompyuta nazo zina haraka gani?

Mchoro wenyewe ukiuona utaridhika. Herufi zimepangwa barabara, kipanya kina mkia wa chaki nyekundu, na mwanafunzi wa dawati la nyuma anabofya hewani kwa vidole vyote kumi. Kompyuta ya namna hii haishiki virusi, haiibiwi usiku, na umeme ukikatika kipindi kinaendelea. Ikiganda, dasta inatosha.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa hapa ndio wenye tabia ya ajabu: hununua karasha kwanza, ndipo watafute fundi. Tuwasamehe. Mtu anasaga mawe halisi, anapata dhahabu halisi, wala hana cheti cha nadharia ya karasha!

Ombi letu kwa wizara ni moja: mwalimu huyu sasa akasomee uzamivu. Chaki tunazo.