Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Dirisha Namba 4

YAH: KUULIZIA KINYAMA CHANGU

Mheshimiwa Dirisha,

Shikamoo. Kwa umri wewe ni mdogo wangu, maana ulitobolewa ukutani juzijuzi tu jengo lile lilipopakwa rangi, lakini aliyeshika majibu ya mtu ni mkubwa wake, nami nimeshazoea kukuinamia. Tundu lako liko usawa wa kiuno changu, na kidonda changu kinaanzia chini ya chembe ya moyo hadi chini ya kitovu. Kila nikija kukusemesha inabidi niukunje mshono.

Nianze na shukrani, usije ukasema nimekuja kwa shari. Usiku ule wa mwezi wa tisa nilipoletwa na bajaji, tumbo limevimba kama ngoma na natapika maji ya kijani, hospitali yako ilikimbia. Narudia, ilikimbia. Daktari wa zamu alinigonga tumbo kwa vidole, akasikiliza, akasema utumbo umeziba. Mpira mmoja ukapita puani, wa pili ukapita nisikotaka kupataja, dripu mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia nisaini ridhaa. Mdogo wangu akaambiwa atafute watu wawili wa kuchangia damu. Akaleta wanne, na mmoja wao ni mteja anayenidai suruali tangu Pasaka. Sijui alikuja kwa huruma au kulinda kitambaa chake. Saa sita usiku nilikuwa thieta. Nilipozinduka asubuhi nilikuwa nimepungua utumbo shibiri moja. Walikuta uvimbe umeziba njia, wakauondoa pamoja na kipande cha utumbo, wakaunga ncha mbili, wakanifunga.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo mshono wangu nimeukagua kwa jicho la kazi. Nyuzi za nje zilikuwa 19, zimepishana sawasawa, ila karibu na kitovu uzi umevutwa kidogo, kosa ambalo hata mimi hulifanya nikifika kiunoni mwa suruali usiku wa manane. Nimeambiwa nyuzi za ndani hazitolewi, zinayeyuka zenyewe, na kwamba zamani utumbo wa binadamu ulishonwa kwa uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Kwa aliyenishona sina neno. Akihitaji suruali aje, na nitaimaliza siku nitakayomwahidi. Hilo silisemi kwa kila mtu.

Wodini nako kazi ilikwenda kwa kasi. Kuanzia siku ya pili kila nesi aliyepita kitandani kwangu aliuliza swali moja: "Baba, umejamba?" Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, mama mkwe wangu yuko pembeni ameshika chupa ya uji nisioruhusiwa kunywa, naulizwa hadharani. Kumbe utumbo ulioungwa ukipitisha upepo ndiyo dalili kwamba umeamka. Siku ya tatu alfajiri ukapita. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akapiga kelele kumwita sista, sista akaja, akaandika kwenye faili, daktari alipopita raundi akasoma, akatabasamu, akasema nianze maji. Nataka uielewe vizuri safari ya taarifa ile, Mheshimiwa. Ilitoka, ikapokelewa, ikaandikwa, ikasomwa na mkubwa, ikafanyiwa kazi, yote kabla ya saa tatu asubuhi. Sijaona tena taarifa yangu ikihudumiwa kwa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye kinyama. Kilipokatwa kilitiwa kwenye kopo la fomalini, mdogo wangu akaitwa mlangoni, akakabidhiwa akipeleke maabara mwenyewe. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, basi akavuka barabara kununua mfuko mbadala, akarudi na utumbo wa kaka yake ndani ya mfuko wa kubebea vitunguu. Ndugu yangu huyu ni mwoga wa damu hata ya kuku. Anasema alitembea ameushika mbele kwa mikono miwili kama anayepeleka posa. Akaulizwa kama amelipia, akatumwa kuchukua kontroli namba, akalipa, akarudi, kopo likapokelewa, jina langu likaandikwa daftarini. Hapo ndipo wewe na mimi tulipooana.

Siku ya tisa niliruhusiwa. Kwenye karatasi yangu, mbele ya neno "Ugonjwa", daktari ameandika alama ya kuuliza. Imechorwa kwa wino mweusi, ina kidoti chake chini, haina shaka yoyote. Huo ndio ugonjwa nilionao mpaka leo.

Leo ni siku ya 63. Tumekuja kwako Ijumaa saba. Ya kwanza ulisema bado. Ya pili mtandao ulikuwa unasumbua. Ya tatu mhusika alikwenda semina. Ya nne uliniuliza jina langu linaandikwaje, nikakuandikia kwa herufi kubwa, ukalitazama kwa muda mrefu, ukasema bado. Ya tano ulinituma wodini, wodini wakanituma kliniki, kliniki wakanielekeza kwa ukarimu kabisa niende Dirisha Namba 4. Ya sita kulikuwa na kibao tu: MAJIBU HAYATOLEWI KWA SIMU. Nikasimama nikakisoma, nikajitazama, sina simu mkononi, nikarudi nyumbani. Ya saba ilikuwa juzi, akaja mdogo wangu kwa niaba yangu, na ulichomwambia nitakifikia. Pembeni yako umetundikwa Mkataba wa Huduma kwa Mteja ndani ya kioo, na humo mgonjwa ana haki ya kupewa taarifa za ugonjwa wake. Mwandiko wake ni mzuri, na kwa kuwa foleni ni ndefu nimeshaukariri wote pamoja na jina la kiwanda cha uchapaji.

Usidhani sijui kazi inayofanyika nyuma yako. Kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo hapo maabara aliniletea koti lake jeupe nilipunguze mikono, na nilimchelewesha makusudi ili anieleze. Kumbe kinyama huloweshwa kwenye fomalini kisioze, kikakaushwa maji kwa spiriti, kikazamishwa kwenye nta ikaganda nayo, halafu kikakatwa vipande vyembamba vya mikroni 3 hadi 5. Nilimwambia arudie. Unywele wa mtu una mikroni kama 70! Nimeshika mkasi maisha yangu yote, nimekata hariri na shifoni, na leo nakiri kwamba kuna fundi wa kukata kunishinda. Kisha vipande hivyo hutiwa rangi, zambarau na waridi, na hiyo zambarau asili yake ni gogo la mti wa Amerika ya Kati uliotumika karne na karne kutia rangi vitambaa. Nilifurahi kama mtoto. Kumbe nyuma ya Dirisha kuna cherehani, mkasi na rangi ya nguo. Kumbe sisi ni watu wa kazi moja. Baada ya hapo mtaalamu wa patholojia huinama kwenye hadubini, akatazama, akaandika. Kazi yenyewe, kijana alisema, ni ya siku chache.

Siku chache ikiwa mwenye kuinama yupo. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara mtaalamu mmoja wa namna hiyo anahudumia watu zaidi ya nusu milioni. Hilo nalielewa, tena naliheshimu. Mtu mmoja hawezi kuwashonea nguo nusu milioni. Ila anaweza kuwa na mtu mlangoni wa kuwaambia foleni imefika wapi, na mtu huyo, Mheshimiwa, ni wewe.

Kijana alinisimulia pia habari za Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa unawaua watoto wa huku kwetu, na sasa uvimbe ule unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakateremka toka Uganda hadi Afrika Kusini wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine nani ameuona. Barabara za wakati ule unazijua. Walizunguka zaidi ya hospitali 50, kilomita zipatazo 16,000, kwa wiki 10. Kinyama changu kina hatua 212 toka mlango wa thieta hadi kwako. Nimezihesabu kwa mguu wa mgonjwa, anayepumzika mara mbili njiani. Wiki ya 10 inaanza kesho.

Tumbo lisilo na jibu, watu hulijibia. Mama mkwe anasema ni chango. Jirani anasema nimetupiwa, na fundi anayeweza kunitupulia yupo, bei yake tuelewane. Shemeji aliyesoma anasema ni vidonda vya tumbo kwa sababu nakula pilipili. Mzee wa msikitini anasema tusilitangulie jambo la Mungu, na yeye peke yake ndiye ambaye sijamwona akikosea. Mteja mmoja alikuja kunijulia hali na maembe, tukazungumza vizuri, tukaombeana afya, na alipoaga akaondoka na kitambaa chake cha suti ambacho nilikuwa sijakikata. Sikumlaumu. Alikuwa ameshasoma ile alama ya kuuliza.

Mke wangu hasemi chochote. Neno lenyewe halitajwi nyumbani. Husema "hicho kitu", kama anavyosema "hicho chombo" juu ya sahani ya mgeni iliyovunjika. Mimi hulitaja usiku, kimya, kwa ulimi bila sauti, nione kama linaweza kukaa mdomoni mwangu: saratani. Halafu nalala, au nadhani nimelala. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu lilitangulia kuuma, ngoja ngoja ikalikuta limeshashonwa.

Kinachonishangaza ni hiki. Nilipokuwa nakufa nilikuwa wa kila mtu. Watu nisiowajua walikimbia kwenye korido wakisukuma kitanda changu. Nilipopata nafuu kiasi cha kutembea, nikawa si wa mtu. Hakuna anayenichukia. Ni kwamba faili langu halivuji damu.

Sasa naomba nikiri jambo, maana siwezi kukushitaki mikono yangu ikiwa michafu. Lile neno lako "njoo Ijumaa" ni langu. Nimelisema kwa maharusi, kwa wafiwa, kwa mwalimu mkuu aliyekuwa anastaafu Alhamisi. Naijua tafsiri yake. Nikimwambia mteja "njoo Ijumaa", maana yake kitambaa sijakikata. Nikimwambia "imebaki vifungo tu", maana yake ndiyo kwanza nakumbuka kwamba aliniletea kitambaa. Sasa Ijumaa ya saba ulimwambia mdogo wangu, kwa sauti ya upole kabisa: "Imebaki saini tu." Alirudi nyumbani anacheka. Mimi nilikaa kitandani nikatoka jasho. Kopo liko wapi, Mheshimiwa? Niambie ukweli, fundi kwa fundi.

Wateja wangu hunituhumu kwamba nabaki na mabaki ya vitambaa vyao, na baadhi yao hawajakosea. Mimi sikutuhumu. Mabaki yangu kaa nayo, sina kazi nayo. Nataka habari zake. Na kama habari hazijawa tayari, nataka tarehe ya kweli. Ukiniambia "miezi minne, mtaalamu ni mmoja na makopo ni mengi", nitaenda zangu nikasubiri miezi minne kama mtu mwenye akili. Ukiniambia kopo limepotea, nitalia siku moja, nitarudi kwa daktari tuone kipimo gani kingine kinawezekana. Ijumaa ndiyo siwezi tena. Mtu akipewa Ijumaa saba hana hata wiki moja aliyoweza kuipanga.

Nikuambie kwa nini nina haraka. Daktari alinikataza kunyanyua mizigo na kukanyaga cherehani kwa wiki 6, nikatii. Wiki zimepita, mguu umerudi kwenye kanyagio, na sasa ni Novemba, msimu wa sare. Shule moja hapa kwetu imeniletea oda ya sare 60 za kufungulia Januari, na nusu ya fedha imeshalipwa. Kama jibu ni jema, naanza leo na ninamaliza. Kama jibu ni lile neno, natakiwa kwenda Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road, nami sijui nitakaa huko muda gani. Basi nirudishe fedha za watu mapema, wazazi watafute fundi mwingine kabla mafundi wote hawajajaa kazi. Watoto 60 wanasubiri saini yako na hawana habari.

Ijumaa hii sitakuja. Nakuachia barua hii mdogo wangu aibandike hapo kwenye kioo, chini ya Mkataba, na namba yangu ya simu iko nyuma ya karatasi. Najua majibu hayatolewi kwa simu, lakini tarehe je?

Kitambaa cha sare kiko mezani, bluu ya bahari, mita 90. Nimekipima, nimekichora kwa chaki. Sijakikata.

Wako katika foleni,

Mwenye Kinyama