Namna ya Kuteseka kwa Heshima Njia ya Turkana

Tatizo la kwanza la kaskazini ya Kenya siku hizi ni lami. Zamani aliyetoka Isiolo kwenda Moyale kwa pikipiki, takriban kilomita 500, alifika hana sauti, hana taa ya mbele, lakini ana hadithi za kumtosha hadi uzeeni. Waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipoteremka kutoka Moyale mwaka 2007 kwa ajili ya kipindi cha televisheni, walikula vumbi la jangwa la Dida Galgalu kama kawaida, ingawa nyuma yao kulikuwa na magari ya vifaa. Leo basi linapita hapohapo abiria wamelala midomo wazi. Sasa utamsimulia nani? Ukifika Laisamis, au ukijikaza mpaka Marsabit, kata kushoto kuelekea Ziwa Turkana.

Uliza kwanza hali ya usalama kabla ya kutoka mjini. Hilo si mzaha, na ndilo pekee humu lisilo mzaha.

Pikipiki inunue kubwa: cc 1,200, kilo zaidi ya 250, masanduku ya alumini kila upande. Faida ya uzito huo utaiona kwenye mchanga wa laga, yaani mto mkavu, ya kwanza, itakapolala ubavu nawe ukabaki kuizunguka ukitafuta pa kushika. Usiwe na wasiwasi. Hakuna mti wala nyumba, lakini kijana atatokea. Yuko kwenye pikipiki ya Boxer ya cc 150, amevaa ndala, amepakia mama mmoja, mtungi wa lita 20 na mbuzi anayechungulia kutoka kwenye gunia. Atakusalimu, atakusaidia kuinua, kisha atauliza bei ya pikipiki. Mdanganye. Ukitaja bei halisi atauliza kwa nini hukununua ngamia, na hutakuwa na jibu.

Wajuzi watakushauri upunguze upepo wa matairi kwenye mchanga na uuongeze kwenye mawe. Ushauri mzuri sana, ila kuelekea North Horr mchanga na mawe hupokezana bila kukupa taarifa. Ukiwa umepunguza, jiwe jeusi la volkano litaibana tyubu kwenye rimu na kukuachia matundu mawili sambamba. Sasa ziba. Tafuta kivuli, hakipo. Ng'oa tairi kwa vyuma, toa tyubu, ijaze, kisha ipitishe taratibu karibu na shavu uhisi inapovuja, maana maji ya kuizamisha ndiyo hayohayo ya kunywa. Kwaruza kwa msasa, paka gundi, ngoja ikauke. Ikikaribia kukauka, upepo utaleta mchanga na kuumwaga juu yake. Kwaruza tena.

Kuna pia vile vijituta vidogovidogo vilivyojipanga barabara nzima. Ukienda polepole, meno yanagongana. Ukienda kasi, magurudumu yanaruka kutoka kituta hadi kituta na mwili unapumzika, isipokuwa breki nazo hazina pa kushika. Amua mapema kama unataka kumwona daktari wa meno au wa mifupa.

Petroli utaipata dukani, kwenye chupa za plastiki, karibu na sukari. Ichuje kwa kitambaa, na usibishane bei: muuzaji anajua duka linalofuata liko wapi, wewe hujui.

Jangwa la Chalbi ni rahisi kuliko yote. Ni sakafu ya ziwa la kale, tambarare, na wakati wa kiangazi unaweza kuendesha huku umefumba macho, jambo ambalo mazigazi yatakulazimisha kulitamani. Mvua ikiwa imenyesha, ganda la chumvi juu linabaki jeupe na zuri vilevile. Chini yake ni tope. Namna ya kutambua tofauti ni kuingia.

Karibu na Loiyangalani kumesimamishwa mitambo ya upepo 365, jumla megawati 310. Hawakupachagua kwa ajili ya mandhari. Barabara ya kutoka Laisamis, kilomita 208, ilikarabatiwa ili malori ya kubebea mitambo hiyo yapite, kwa hiyo kama ulikata pale Laisamis unafuata njia iliyotengenezwa kwa heshima ya upepo, pikipiki imeinama upande mmoja na shingo umeikaza. Upepo ukikatika ghafla nyuma ya kilima, utaanguka upande huohuo ulioinamia.

Ukifika ziwani, gundua. Ndivyo alivyofanya Teleki wa Hungaria, Machi 1888. Aliandamana na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani, akabebewa mizigo na wapagazi wa pwani, akakuta wenyeji wanavua samaki, kisha ikatangazwa kwamba amegundua ziwa. Likaitwa Rudolf, jina la mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, ambaye alifariki Januari iliyofuata bila kulitia machoni. Jina hilo lilidumu hadi 1975. Wewe mwenye kamera kwenye helmeti huna kisingizio. Angalia tu wenyeji wa jamii ya El Molo wanaoshona nyavu wasiingie kwenye picha, wala yule kijana wa Boxer, aliyefika tangu asubuhi na sasa anamalizia chai. Maji usiyaingie; yana mamba.

Kurudi hakuhitaji ushujaa, kwa sababu hakuna anayeuliza mtu alirudi vipi. Jikokote hadi Marsabit, tafuta lori la mbuzi wanaopelekwa soko la Kiamaiko, Nairobi, mwombe taniboi aifunge pikipiki kwa kamba kwenye vyuma vya juu, wewe ukae mbele na dereva. Shukia Thika alfajiri. Futa samadi, vumbi liache. Vaa helmeti, ingia Nairobi polepole, na upitie pale wanapokunywa kahawa wenzako wenye pikipiki safi.