Uhuru Bila Waifai

Mwaka 1997 waungwana wa Debian waliahidi mbele ya kadamnasi kwamba mfumo wao wa kuendesha kompyuta utabaki huru asilimia 100, yaani msimbo wake usomwe na kubadilishwa na yeyote. Hongera zao. Basi ulikuwa unausakinisha huo uhuru kwenye kompyuta mpakato, unafika hatua ya mtandao, skrini inakupasha: kadi yako ya waifai inataka faili la fimuwea, ile programu ndogo inayoiendesha kadi yenyewe, nalo si huru, kwa hiyo halimo. Ungelipata wapi? Mtandaoni, bila shaka.

Miaka nenda miaka rudi watu wakatembea na flashi zenye toleo la Debian “lisilo rasmi”, lililokuwa na kila kitu. Wote walijua lilipo, ila haikuwa adabu kulitaja sana. Mwaka 2022 wakapiga kura, wakaugusa kidogo mkataba wenye ile ahadi, na Debian 12 ya mwaka 2023 ikaja na fimuwea hizo ndani. Dhambi ikapewa chumba chake rasmi.

Wachamungu hasa wako Free Software Foundation, shirika linalotetea programu huru. Kwao, fimuwea ya siri inayopakiwa kutoka diski ni najisi. Msimbo uleule ukichomewa kiwandani ndani ya chipu, mwenye mashine asiweze kuusoma wala kuubadilisha, hapo si programu tena, ni kifaa tu. Tumia kwa raha zako. Nguruwe haramu, mchuzi ruksa.

Nao watengeneza chipu, wenye msimbo wao, hawana ugomvi na mtu: huwauzia waumini na makafiri kwa bei moja.