Kofia ya Ukili na Mahindi ya Chokaa

Jana usiku nilivishwa kofia ya ukili pana kama ungo, katikati ya mkahawa wa chakula cha Mexico uliojaa watu, wahudumu wakinizunguka kwa makofi na wimbo wa kuzaliwa. Mimi nimezaliwa Machi. Aliyewadanganya ni shemeji, mdogo wake mke wangu, maana mikahawa ya namna ile humpa mwenye sherehe aiskrimu ya kukaanga bure. Aiskrimu akaila yeye. Picha zimeshafika Tanga, na mama mkwe ameuliza kwa upole kama kazi yangu ya zamani imeisha.

Chakula chenyewe kilikuwa jibini ya manjano iliyomwagiwa kila kitu, na tortila, yaani chapati za Mexico, nene za ngano. Ngano si kosa. Watu wa Sonora, kaskazini mwa Mexico, huzitandaza za ngano nyembamba hadi unauona mkono upande wa pili. Hizi za jana ungeweza kuzibia dirisha. Na haya yanatokea Los Angeles, jiji ambalo maeneo ya Pico Boulevard na Koreatown yana wapishi wa jimbo la Oaxaca, Mexico, wanaopika kama kwao.

Chakula chao ni tlayuda: tortila ya mahindi pana kuliko sahani, imekaushwa ikawa ngumu, ikapakwa maharage na jibini nyeupe ya nyuzinyuzi. Lakini kabla ya tlayuda kuna mahindi, na hapa mnivumilie. Mahindi makavu huchemshwa kwa chokaa. Ndiyo, chokaa, jamaa yake ile ya kwenye tambuu. Yanalala humo usiku kucha. Asubuhi yakisuguliwa ndani ya maji, maganda yanateleza yenyewe. Sisi kazi hiyo tuliwaachia kina mama na mchi. Kisha yanasagwa yakiwa na majimaji, na donge lake hushikamana bila ngano wala yai. Siku moja, kwa wapishi hao, nilisimama kaunta nikimtazama mama mmoja akigeuza tortila juu ya chuma cha moto kwa vidole vitupu, ikatulia, ikavimba katikati, mpaka watu nyuma yangu wakaanza kukohoa.

Chokaa hiyo hufungua niasini, vitamini iliyofungwa ndani ya punje. Wazungu walipoyachukua mahindi Amerika walibeba mbegu, maarifa wakayaacha. Pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, ikababua ngozi na kuvuruga akili za maskini wa Italia na kusini mwa Marekani. Kwetu Afrika nako mbegu ilikuja peke yake: mwaka 1990, karanga zilipokosekana kwenye mgao, wakimbizi wa Msumbiji kule Malawi waliugua pelagra kwa maelfu. Halafu mtu ananung'unikia bei ya tortila iliyoandaliwa tangu jana, ilhali tambi za Kiitaliano analipa bila hata kusoma bei. Hili silichekei.

Hata maharage yana siri yake: mgeni wetu Msabato kutoka Musoma aliyasifu sana kabla ya kuambiwa kuwa yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Nayo birria, mbuzi wa Jalisco wa pilipili kavu, huisha kabla sijaamka.

Ukifika huku, usiongozwe na michoro ya ukutani. Tafuta mkahawa unaojitaja kwa jimbo, Oaxaca, Jalisco au Puebla, nenda Jumapili asubuhi, na uulize kama mahindi wanachemsha wenyewe. Wakisema wanatumia unga wa pakiti, maliza soda yako, lipa, ondoka.